Je, wajua kwa nini saa ya kukimbilia huchelewa kupata satelaiti baada ya kurudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani?

Saa ya kukimbilia yenye GPS ikianza kuganda au ikigoma kuungana na simu, ushauri wa mwisho huwa ni uleule: irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani. Unaifuta, unachagua lugha, unaingiza umri na uzito, unatoka kwenda uwanjani. Hapo ndipo unaposimama kungoja. Saa iliyokuwa ikinasa satelaiti kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu sasa inatafuta kwa dakika nzima au zaidi, na wengi hudhani wameiua.

Saa ni nzima. Kilichofutika ni kumbukumbu yake ya anga.

Satelaiti za GPS ziko juu yetu takriban kilomita 20,200, na saa huhitaji kuzisikia angalau nne ili ijue ilipo. Kila satelaiti hutangaza njia yake kwa biti 50 tu kwa sekunde, polepole mno. Tangazo hilo huchukua sekunde 30, kisha huanza upya. Ndani yake mna pia kipande cha almanaka, yaani ratiba ya satelaiti zote, na almanaka nzima hukamilika kwa dakika 12 na nusu.

Siku za kawaida saa hairudii kazi yote hiyo. Inakumbuka ulikimbilia wapi jana, na nyingi za siku hizi hupokea kupitia simu utabiri wa njia za satelaiti kwa siku kadhaa zijazo. Ukiifuta, mara nyingi hayo yote huondoka, nayo hulazimika kupekua anga satelaiti moja baada ya nyingine. Ukianza kutembea chini ya miti au kati ya maghorofa, mawimbi yakikatika katikati ya tangazo, itabidi ingoje lirudiwe. Kwa hiyo iunganishe na simu kwanza, kisha simama mahali peupe utulie.

Kabla ya kufuta, hamisha rekodi zako za mazoezi, zisizohamishwa hazirudi. Tazama pia mapigo ya moyo: saa nyingi huanza upya na kanuni ya 220 kutoa umri, hivyo mwenye miaka 40 hupewa kikomo cha 180 hata kama moyo wake hufika 192. Kirekebishe mwenyewe.

Halafu kuna sekunde. Tangu Januari 2017, wakati wa GPS umeutangulia wakati wetu wa kawaida kwa sekunde 18. Taarifa ya tofauti hiyo hutangazwa mara moja tu katika kila mzunguko wa dakika 12 na nusu, kwa hiyo saa iliyotoka kufutwa, hasa yenye programu ya zamani, huweza kukosea kwa sekunde kadhaa mpaka taarifa hiyo iifikie.