Je, Wajua Kwa Nini Kwaya ya Kanisani Hupatana na Ala za Umeme?

Jumapili yoyote, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Kisumu, mtazame mpiga kinanda kabla ya wimbo wa matoleo. Mara nyingi atachanganya sauti mbili: piano mbele, na nyuma yake watu wanaoimba "aaa". Watu hao hawapo, wamo ndani ya kinanda. Mwaka 1991 watengenezaji wa ala za umeme walikubaliana orodha moja ya sauti 128, ili wimbo ulioandaliwa kwenye kinanda cha kampuni moja usiharibike ukipigwa kwenye cha kampuni nyingine. Katika orodha hiyo kwaya ilipewa nafasi rasmi: namba 53 ni "aaa", 54 ni "uuu", na 55 ni kwaya ya kutengenezwa na mtambo wenyewe. Kinanda cha kanisa, kile kikubwa cha mabomba, ni namba 20.

Kwa hiyo mbele ya waumini kuna kwaya mbili, moja imevaa sare na nyingine imechomekwa kwenye soketi, na hakuna anayeshangaa. Ingiza gitaa la umeme lenye mkwaruzo kwenye wimbo huohuo uone wazee watakavyogeuza shingo. Kwa nini ile "aaa" inapita bila ugomvi?

Wengi watakwambia ni mazoea. Mazoea yamo, lakini sababu kubwa iko kooni.

Mwimbaji wa besi akishika noti yenye mitetemo 110 kwa sekunde, koo lake halitoi 110 peke yake. Linatoa pia 220, 330, 440 na kuendelea, zote kwa pamoja, na sikio linazipokea kama noti moja. Kisha kinywa kinachuja. Ukifungua mdomo kwa "a", mitetemo iliyo karibu na 700 na 1,100 hupata nguvu. Ukibana kwa "i", nguvu huhamia karibu na 300 na juu ya 2,000. Noti ni ileile, irabu ndiyo imebadilika. Sinthesaiza za miaka ya 1970, yaani vinanda vinavyojitengenezea sauti kwa umeme, zilifuata mpango huohuo: sehemu moja inazalisha sauti iliyosheheni mitetemo, nyingine inaichuja. Geuza kitufe cha kuchujia taratibu na mtambo utaanza kulia "uuu", "ooo", "aaa", bila mtu yeyote kuufundisha kuimba. Kwaya na sinthesaiza ni watoto wa baba mmoja, mmoja tu ndiye aliyekulia nyumbani.

Kinachoushinda mtambo ni konsonanti. "P", "t", "k" na "s" ni milipuko na mivumo mifupi isiyo na noti ndani yake. Hapo nyimbo za kale za kanisa, za Kigregori za Roma na za Kibizanti za mashariki, zinausaidia sana, maana silabi moja inaweza kuvutwa kwa noti ishirini kabla konsonanti nyingine haijafika.

Halafu kuna wingi. Waimbaji kumi na wawili wa sauti ya kwanza hawaigusi noti mahali pamoja kabisa. Huyu yuko juu kidogo, yule amechelewa kidogo, mwingine sauti inamtetemeka. Tofauti hizo ndizo zinazoifanya kwaya isikike nene, badala ya kusikika kama mtu mmoja mwenye kifua kikubwa. Wahandisi waliliona hilo wakaliiga: chukua sauti moja, irudufu, nakala uicheleweshe kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na uipandishe na kuishusha kidogo. Kampuni ya Roland ya Japani iliuza kifaa cha kazi hiyo, CE-1, mwaka 1976, na tangu hapo sauti nyembamba ya gitaa au kinanda inaweza kunenepeshwa kwa kukanyaga kitufe.

Hapa nina ugomvi na baadhi ya maprodyuza wetu. Wanarekodi kwaya nzuri, kisha wanapitisha kila sauti kwenye programu ya kunyoosha noti hadi wote wanakuwa sawasawa kama rula. Matokeo yake watu thelathini wanasikika kama watatu. Kisha prodyuza huyohuyo anaongeza "aaa" ya kinanda ili kurudisha unene alioufuta mwenyewe.

Lakini anayefanya kazi kubwa kuliko koo na kuliko wingi ni jengo. Nyumba ya mawe na marumaru hairuhusu noti ife haraka. Noti ya kwanza bado inaelea darini wakati ya tatu inaimbwa, na hapo hata mwimbaji mmoja anakuwa ameambatana na nafsi yake. Sauti zinazopandana, zisizo na mwanzo wala mwisho ulio wazi, ndicho kitu ambacho sinthesaiza hukitoa kwa urahisi kuliko vyote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kanisa la kale la Hagia Sophia, Istanbul, lililomalizika kujengwa mwaka 537. Sauti humo ilipopimwa ilibaki hewani kwa takriban sekunde 11. Mwaka 2010 jengo lilikuwa jumba la makumbusho na kuimba humo hakukuruhusiwa. Mwanahistoria wa sanaa Bissera Pentcheva na mtaalamu wa sauti Jonathan Abel, wote wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitumia njia isiyohitaji mwimbaji: baluni zilipasuliwa ndani ya jengo, maiki zikarekodi. Mpasuko wa baluni ni mfupi mno na una mitetemo ya karibu kila namna, mizito na myembamba. Kwa hiyo kinachofuata baada ya "pa!" ni jibu la jengo tupu: kuba, nguzo, marumaru, kila kona ikijibu kwa wakati wake.

Jibu hilo likishakuwa kwenye kompyuta, kazi inayobaki ni hesabu. Programu inakata sauti ya mwimbaji vipande vidogo mno, maelfu mengi kwa kila sekunde. Kila kipande inakipa jibu zima la jengo, kisha inavijumlisha vyote. Kikundi cha Cappella Romana cha Portland, jimbo la Oregon, kiliimba nyimbo za Kibizanti namna hiyo huko Stanford, California, na albamu ikatoka mwaka 2019. Kile walichoimba kiliwarudia masikioni papo hapo kikiwa na mwangwi wa Istanbul. Waimbaji wakabadilika. Walipunguza mwendo, na ile noti moja ya chini inayoshikiliwa muda wote katika uimbaji wa Kibizanti ikapata maana yake, kwa sababu jengo lilikuwa likiishikilia pamoja nao. Hakuna ngoma, hakuna biti, hakuna sauti ngeni iliyoongezwa, na bado ni miongoni mwa rekodi za kwaya zilizotegemea umeme kuliko nyingi ninazozijua.

Atakayesema mtambo hauna historia kanisani akumbuke kinanda chenyewe kilikotoka. Mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alipiga marufuku piano, ngoma na matoazi katika ibada, akakiacha kinanda cha mabomba kama ala ya heshima. Lakini ala hiyo ilibuniwa na fundi wa Aleksandria, Ktesibios, karne ya tatu kabla ya Kristo, ikiendeshwa kwa maji na hewa, na Warumi waliipiga kwenye viwanja vya michezo watu wakichinjana. Mwaka 757 mfalme wa Bizanti, Konstantino wa Tano, alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafranki wa Ulaya magharibi, kinanda kama zawadi ya kifalme, na hata hapo hakikuwa cha ibada. Ilichukua karne kadhaa zaidi kikawa mwenyeji kanisani.

Na ukikichunguza, ni sinthesaiza ya upepo. Mpigaji akivuta kifimbo kimoja anapata noti yake, akivuta kingine anaongeza oktavu ya juu, kingine tena kinaongeza noti ya tano juu ya oktavu, hadi mchanganyiko unakuwa sauti mpya isiyofanana na bomba lolote moja. Mwaka 1935 Mmarekani Laurens Hammond alitoa kinanda kilichofanya kazi hiyohiyo kwa magurudumu ya chuma yanayozungushwa na mota mbele ya sumaku, akakiuza hasa kwa makanisa yasiyo na fedha za mabomba. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1963 uliendelea kukitukuza kinanda cha mabomba lakini ukafungua mlango kwa ala nyingine, mradi zifae kwa ibada. Kufaa ni kufaa kwa nani, mabishano hayo hayajaisha hadi leo katika vikao vya kwaya.

Wapo waliotaka zaidi ya kuambatanisha, walitaka kuyeyusha. Karlheinz Stockhausen, Mkatoliki wa Köln, Ujerumani, alimrekodi mvulana wa miaka 12 akiimba maneno ya wimbo wa vijana watatu katika tanuru, yaani Shadraka, Meshaki na Abednego, kutoka Danieli sura ya tatu. Akayaunganisha na sauti zilizotengenezwa studioni kwenye redio ya Köln. Alijipangia ngazi: upande mmoja noti safi ya mtambo, karibu yake irabu, upande wa pili mvumo, karibu yake konsonanti. Kwa hiyo sauti ya mtoto inaweza kuteleza hadi ndani ya mtambo bila mshono. Neno la kusifu hujitokeza wazi, kisha linasambaratika, kisha linarudi, kama sauti zinazosikika kupitia miali ya moto. Kazi hiyo, Gesang der Jünglinge, ilisikika hadharani mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1956, ikitoka kwenye makundi matano ya spika. Inasimuliwa kwamba nia yake ya awali ilikuwa misa ya umeme kwa ajili ya Kanisa Kuu la Köln, na kwamba alijibiwa spika hazina nafasi kanisani. Leo ni kanisa gani halina spika?

Mwingereza Jonathan Harvey alifuata njia hiyo Paris mwaka 1980, akitumia kengele kubwa ya Kanisa Kuu la Winchester na sauti ya mwanawe aliyekuwa akiimba katika kwaya ya hapo. Kompyuta iliichambua kengele ikaonyesha noti zilizofichika ndani ya mlio wake, na Harvey akajenga sehemu nane za kazi yake juu ya noti nane kati ya hizo. Kuna mahali mlio unaanza kama shaba na kuishia kama mtoto. Mpangilio wa spika nane unamweka msikilizaji katikati, kana kwamba yuko ndani ya kengele na mtoto anaruka kumzunguka.

Kazi hizo mbili zinabaki kwa wapenzi wachache. Iliyofika kwenye disko ni ya Michael Cretu, mzaliwa wa Romania aliyekuwa na studio kisiwani Ibiza. Mwaka 1990, kwa jina la Enigma, alitoa Sadeness, wimbo ulioshika namba moja katika nchi nyingi za Ulaya. Alichukua vipande vya rekodi ya mwaka 1976 ya Capella Antiqua ya München, akavirudiarudia juu ya biti ya dansi. Maneno ni ya maandamano ya Jumapili ya Matawi, "twendeni kwa amani", na wimbo wenyewe unamuuliza maswali Marquis de Sade, mwandishi wa Kifaransa aliyejulikana kwa mambo yasiyosemeka sebuleni. Kwaya na kampuni yenye rekodi walilalamika kwamba sauti zao zimetumiwa na kupindwa, na shauri likamalizwa kwa malipo.

Kimuziki, Cretu alikutana na tatizo ambalo halihusu sauti kabisa, bali muda. Wimbo wa Kigregori hauna biti. Unafuata pumzi na maneno, wakati mashine ya ngoma haipumui. Ndiyo maana alikata vipande vifupi: ukiuacha mstari mzima uimbwe, biti na wimbo vitaachana ndani ya sekunde chache.

Kwetu tatizo hilo linakuja kwa sura nyingine. Nyimbo zetu nyingi za kwaya zina mapigo, kwa hiyo mashine ya ngoma inakaa bila shida. Kinachoumia ni ile desturi ya mwalimu wa kwaya kuchelewesha mkono kabla ya kibwagizo ili watu wapumue na wimbo upande. Mashine haioni mkono. Wapiga kinanda wenye akili huzima biti kwenye beti za polepole na kuirudisha kwenye kibwagizo, na hiyo peke yake huokoa nyimbo nyingi.

Lingine ni eko. Studio nyingi za mtaani ni chumba kidogo kilichozibwa kwa magodoro au trei za mayai, hakina mwangwi hata chembe, kwa hiyo mwangwi wa jengo lazima uchaguliwe kwenye programu. Wanaopenda ukubwa huchagua kanisa kuu la Ulaya, sekunde sita au saba. Kiswahili hakiruhusu. Silabi zetu ni nyingi na fupi, "tunakushukuru" ina silabi sita na kwaya inaweza kuzimaliza ndani ya sekunde moja, na kwenye eko ndefu zote sita zinarundikana. Kwa wimbo wa kuchangamka, sekunde moja na nusu zinatosha. Eko ndefu iwekwe kwenye ile "aaa" ya kinanda, ambayo haina neno la kupoteza.