Shilingi ya serikali imefanya kazi gani? Maana ya uainishaji wa COFOG

Malipo yoyote ya serikali yana maswali matatu. Nani kalipa? Kanunua nini? Kwa kazi gani? Swali la kwanza hujibiwa na fungu la bajeti. Fungu 72, kwa mfano, ni Mkoa wa Dodoma. La pili hujibiwa na kasma: mishahara, dawa, dizeli, ujenzi, riba. La tatu ndilo la COFOG, uainishaji wa kimataifa wa kazi za serikali. Muundo wake wa sasa uliandaliwa na OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, mwaka 1999, na Umoja wa Mataifa ukauchapisha. Mwongozo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa takwimu za fedha za serikali nao unautumia, ila huko namba hutanguliwa na 7: elimu, ambayo ni 09, huandikwa 709.

Sehemu kuu ni kumi: 01 huduma za jumla za serikali, 02 ulinzi, 03 usalama wa raia (polisi, zimamoto, mahakama, magereza), 04 shughuli za uchumi, 05 hifadhi ya mazingira, 06 makazi na huduma za jamii, 07 afya, 08 michezo, utamaduni na dini, 09 elimu, 10 hifadhi ya jamii. Kila sehemu ina makundi, na kila kundi lina madaraja. Ukiona 04.5.1, soma hivi: uchumi, usafirishaji, barabara.

Kinachofuatwa ni kazi iliyofanyika, hata kama aliyelipa ni mwingine kabisa. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na maji yanaonyesha vizuri. Kisima kinachochimbwa ili wananchi wa Chemba wapate maji ya kunywa ni 06.3. Lambo la kunyweshea ng'ombe Bahi ni 04.2.1, kilimo na mifugo, na skimu ya umwagiliaji wa mpunga iko hapohapo. Mtandao wa majitaka wa Jiji la Dodoma ni 05.2, mazingira. Bwawa lililokusudiwa tangu mwanzo kuzalisha umeme, kuzuia mafuriko na kumwagilia kwa pamoja ni 04.7.4, miradi ya madhumuni mengi. Anayejumlisha "maji" kwa kuangalia bajeti ya Wizara ya Maji peke yake atachanganya kazi hizi zote, na atayakosa malambo yaliyolipiwa na wizara ya mifugo.

Shuleni kuna mambo madogo ya kuangalia. Tuseme halmashauri imepokea shilingi milioni 100 kwa ajili ya sekondari moja: milioni 40 za madarasa, milioni 60 za bweni. Madarasa ni 09.2. Bweni ni 09.6, huduma za kusaidia elimu, pamoja na chakula cha wanafunzi na usafiri wao. Muuguzi wa wilaya akija kuwachanja wanafunzi hao, gharama yake ni 07.4, afya ya jamii. Na mkopo wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa kuwa unatakiwa kurudishwa, haumo kabisa kwenye matumizi. Serikali imepata mali ya kifedha, yaani deni inalodai.

Kosa la mara kwa mara ni kutupa kila ofisi ndani ya 01. Jengo la Wizara ya Kilimo kule Mtumba ni 04.2.1. Jengo la Wizara ya Afya ni 07.6. Utawala wa sekta hukaa na sekta yake. Kinachobaki 01 ni Bunge, Hazina, mambo ya nje, ofisi za takwimu na mengine yasiyo na sekta. Utafiti wa mifugo unaofanyika Mpwapwa hauingii 01 wala 09, ni 04.8.2. Vivyo hivyo taa za mitaani ni 06.4, lakini taa zilizojengwa pamoja na barabara kuu ni 04.5.1. Hospitali ya jeshi iliyoko kambini ni 07.3, ila hospitali ya muda inayowekwa uwanja wa vita ni 02.

Deni la taifa linahitaji umakini zaidi. Kundi la 01.7 hupokea riba na gharama za kutoa mikopo na hatifungani. Kulipa mtaji, yaani fedha yenyewe iliyokopwa, hakumo, kwa sababu deni limepungua na fedha imepungua, hakuna kilichotumika. Bajeti ya Tanzania huonyesha riba na mtaji chini ya deni la taifa. Ukichukua jumla yote na kuiweka 01, sehemu hiyo itavimba, na elimu na afya zitaonekana ndogo kuliko zilivyo.

Kanuni inataka kila muamala upewe namba yake. Kwa ununuzi inawezekana. Kwa mishahara ni vigumu, kwa kuwa afisa mmoja anaweza kufanya kazi mbili. Hapo hugawanywa kwa makadirio ya muda, na ikishindikana, kitengo kizima hupewa namba ya kazi yake kubwa. Ruzuku ya Hazina kwenda halmashauri lazima iondolewe wakati wa kuunganisha hesabu za serikali kuu na za halmashauri, vinginevyo mshahara wa mwalimu wa Kongwa utahesabiwa mara mbili: fedha ikitoka, kisha ikilipwa.

Hesabu za taifa, yaani takwimu za uchumi mzima wa nchi, zinautegemea mgawanyo huu kutenganisha matumizi ya mwisho ya serikali. Huduma anayopata mtu mmoja mmoja, kama matibabu au masomo, ni matumizi ya mtu binafsi na huhamishiwa kwenye matumizi halisi ya kaya. Ulinzi, mahakama na barabara ni ya pamoja. Ndani ya 07 na 09 kwenyewe, utafiti na utawala wa sekta hubaki upande wa pamoja, ndiyo maana namba za tarakimu mbili hazitoshi kwa kazi hii. Madarasa mapya nayo, ingawa ni 09, huingia kwenye uwekezaji. Kwenye matumizi ya mwisho huonekana uchakavu wake tu, mwaka hadi mwaka.