Huo ukuta haujaoza, acheni kuupiga simenti

Juzi nimepigiwa simu tena. Nyumba ya urithi Mji Mkongwe, familia imekaa kikao imekubaliana, "fundi njoo utupigie simenti ukuta wa nyuma umeoza unatia aibu." Mie kazi yangu chokaa na mawe ya zamani, na sentensi hii nimeisikia mpaka nimeikinai, sasa naiandika hapa moja kwa moja, mtu akinipigia namtumia hii halafu naendelea na chai yangu.

Ukuta ukipukutika umeoza, upige simenti uwe imara. Ndo wanavyosema. Hapana jamani. Ukuta wa mawe ya matumbawe umejengwa kwa chokaa na udongo mwekundu na mchanga, unene nusu mita na zaidi, na ndani mna unyevu siku zote, wa mvua, wa ardhini, na mji wenyewe umezungukwa na bahari. Chokaa ina vitundu vidogo vidogo, unyevu unapita humo unatoka nje upepo unaukausha, ndo tunasema ukuta unapumua. Sasa unyevu unatembea na chumvi, ikifika nje inaganda chembe chembe, inaisukuma plasta, plasta inadondoka. Na hiyo ndo kazi yake plasta! Inakufa yenyewe ili jiwe libaki. Unakwangua unapaka chokaa nyingine, maisha yanaendelea.

Ukipiga simenti umeufunga pumzi. Unyevu unapanda juu, chumvi inagandia ndani ya jiwe lenyewe, na boriti vichwa vyake vimo humo humo ukutani, hapo ndo kitu kinaanza kuoza kweli. Halafu simenti haina subira, ukuta wa chokaa unacheza kidogo kidogo na joto na mvua, simenti haitaki, kwa hiyo masika mawili matatu ufa huo, unagonga unasikia mlio wa kitu kitupu, siku moja linashuka pande zima na mawe yamegandia nyuma. Kazi yangu nusu nzima ni kubandua simenti za watu waliokuja "kuimarisha", na kubandua ni ghali kuliko kupaka, lakini hili hakuna anayetaka kulisikia kabla.

Kinachoniuma zaidi mtu anauita ukuta aibu wakati hajawahi kuutazama. Njoo saa kumi na moja jioni jua likiwa ubavuni (si saa sita mchana na simu yako, saa sita kila kitu bapa), angalia pale plasta ilipotoka. Kuna jiwe lina vitundu kama sega la nyuki ila vidogo vidogo, kuna lenye vifereji vinajikunja kama bongo, kuna lenye nyota nyota, na hakuna fundi alochora hata moja, ni nyumba za wadudu wa baharini hizo. Lile tumbawe laini lenye vitundu mafundi walikuwa wanalikata likiwa bichi, linachongeka, likikauka linakuwa gumu, ndo utaliona kwenye mihrabu na zidaka (vishubaka vya ukutani) za zamani. Na linakua kama sentimita 1 tu kwa mwaka, hebu piga hesabu, jiwe la sentimita 30 ni kama miaka 30 ya bahari imekaa nyuma ya kabati lako. Juu yake tena matabaka ya chokaa, nyeupe, buluu iliyopauka, njano, nyeupe tena, kila kizazi na rangi yake, yamebanduka yakaacha pembeni kama ramani ya visiwa. We unataka kuifunika hiyo kwa mifuko sita ya simenti.

Nilimpeleka yule mteja nikamwambia weka kiganja hapa. Akaweka, kimya. Akasema ni baridi. Akapitisha kidole kwenye zile nyota, moja moja. Nikajua nimempata, kumbe anafikiria, "sasa majirani watasemaje fundi?"

Kuna na wale wa upande wa pili, wapiga picha hao, wao kila kinachochakaa ni uzuri usiguswe. Nao wananichosha. Yale madoa ya kijivu na ya chungwa juu ya jiwe sawa yaache, ni kuvu na mwani wanaishi pamoja, yanakua taratibu mno, na brashi ya waya weka mbali. Lakini kimche cha jamii ya mkuyu, mbegu imeangushwa na ndege juu ya ukuta, kizuri sana kwenye picha, king'oe kikiwa saizi ya kidole. Kikishapeleka mzizi katikati usikivute tena, kitakuja na ukuta, kikate umwite mtu anayejua. Na msipande juu ya kuta kutafuta selfi. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la masultani hapa Mji Mkongwe, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafariki. Pale hapakuwa na cha kupendeza.

Eti magofu yote ni ya Wareno. Nani kawaambia? Gede, magofu ya karibu na Malindi kule Kenya, ulikuwa mji kabla Vasco da Gama hajaiona pwani hii mwaka 1498, kuna kaburi pale lina tarehe ya Kiislamu sawa na 1399. Kilwa, msafiri Ibn Battuta wa Moroko kafika 1331 akausifu mji. Kilwa hiyo hiyo kuna ngome Wareno walianza 1505, haya hiyo wapeni, na hata hiyo Waomani waliijenga upya. Maruhubi, hapa Unguja, ni jumba la Sultan Barghash, liliungua 1899. Zile kuta za Gede ni za Waswahili, babu zenu hao, basi.

Na mali iliyofichwa. Nimechoka na mashimo. Mtu kaota, au kaambiwa na mganga, kaja usiku na sururu kachimba chini ya kaburi la mtu. Makaburi ya zamani ya Kunduchi, Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa, na ukienda kwenye makaburi ya namna hiyo unakuta matundu ya duara matupu, sahani zimeshabanduliwa. Mali ilikuwa ni ile sahani na ilikuwa pale pale hadharani kila mtu anaiona bure.

Ah, na yule mteja, kikao kimekaa tena. Wamekubali chokaa kwa kuta tatu. Ule wa nyuma wanataka vigae.