Je, Meli Iliyozama Ni Mali ya Aliyeiona Kwanza?

Wengi huamini kwamba meli iliyozama zamani haina mwenyewe, hivyo mpiga mbizi anayeikuta kwanza ana haki ya kuchukua dhahabu, mitungi au mizinga iliyomo. Imani hiyo inaeleweka, kwani chini ya bahari hakuna ua wala mlinzi. Hata hivyo, kuzama peke yake hakufuti umiliki: katika sheria ya uokozi wa baharini, mwokoaji kwa kawaida hudai tuzo, si meli yenyewe. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO wa mwaka 2001, unaohusu kulinda urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji, unalinda mabaki yaliyokaa majini kwa angalau miaka 100, hauruhusu yafanywe bidhaa, na unataka kuyaacha yalipo kufikiriwe kwanza.

Sababu huonekana kwa macho: mzinga wa chuma uliojaa chumvi kwa karne nyingi, ukianikwa tu, hupasuka na kubanduka magamba, na mbao hunywea na kujikunja. Linaloniuma zaidi ni kuvurugwa kwa mpangilio, maana mahali mtungi ulipolala ndipo panapoeleza jinsi shehena ilivyopakiwa.

Msomaji anaweza kuusoma mkataba huo kwenye intaneti, kuangalia kama nchi yake imeuridhia, kisha kutafuta vifungu vya leseni katika sheria ya mambo ya kale ya nchi hiyo.