Mtoto ana shida ya moyo na bado yuko tumboni, inakuwaje sasa?

Swali ninaloulizwa sana na mama akishapewa majibu ya ultrasaundi ni "dokta, mbona anacheza vizuri tu?" Na kweli anacheza, anakua, mapigo yapo, mama hajakosea na mashine nayo haijadanganya.

Iko hivi. Tumboni mapafu ya mtoto bado hayana kazi ya kupumua, oksijeni inatoka kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Alafu damu yake ina njia mbili za mkato, kitundu katikati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na kamshipa kafupi kanakounganisha mshipa wa kwenda mapafuni na ule mkuu wa kwenda mwilini, kwahiyo hata kama valvu moja (mlango wa damu ndani ya moyo) haikufunguka au upande mmoja wa moyo ni mdogo, damu inajitafutia pa kupita na mtoto hana habari.

Shida inaanza akishazaliwa. Akivuta pumzi kale kamshipa kanaanza kujifunga, kwa kawaida ndani ya siku mbili tatu, na kwa watoto wengi ndo inavyotakiwa. Ila kama damu yote ya mapafuni au ya mwilini ilikuwa inategemea hapo hapo, basi mtoto aliyelia vizuri kabisa leo kesho ana midomo ya bluu, anahema mbio, hataki kunyonya, miguu ya baridi. Kama hakuna aliyejua anaweza kuwa ameshapelekwa nyumbani. Kama tulijua, tunamwekea dripu ya prostaglandini mapema, inakaacha kamshipa wazi mpaka afanyiwe upasuaji (inataka uangalizi wa karibu maana inaweza kumfanya asite kupumua).

Kwahiyo mi nikishamaliza eko (ultrasaundi ya moyo wa mtoto), swali ninalotaka mzazi aniulize ni moja, huyu mtoto anategemea kale kamshipa au hapana? Kama ndio, ajifungulie hospitali yenye watu wa moyo wa watoto au karibu nayo, kumsafirisha akiwa tumboni ni salama kuliko kumkimbiza na ambulansi akiwa na saa chache. Operesheni ya uzazi sio lazima, wengi wanajifungua kawaida. Kama hapana, mambo yanapoa kidogo: vitundu vidogo kwenye ukuta wa katikati ya vyumba vya chini vya moyo vingi vinajifunga vyenyewe, na matatizo mengine yanasubiri miezi. Mishipa mikubwa iliyobadilishana nafasi haisubiri, hiyo mara nyingi tunaingiza kipulizo kidogo kwa mrija mwembamba kupanua kile kitundu cha katikati ya vyumba vya juu siku ya kwanza tu, na upasuaji wenyewe unafuata ndani ya wiki chache.

Na yale maneno ya "ulikula nini, ulibeba nini", jamani tuyaache. Karibu mtoto 1 kati ya 100 anazaliwa na shida ya moyo na wengi wao hatupati sababu moja ya kuinyoshea kidole. Kisukari kisichodhibitiwa, maambukizi ya rubella, na baadhi ya dawa za kifafa vinaongeza uwezekano, ila usiache dawa bila kuongea na daktari wako.

Ultrasaundi utarudia, kwasababu valvu iliyobana kidogo wiki ya 20 inaweza kubana zaidi wiki ya 32 na mpango ukabadilika. Na uliza mapema kuhusu kukamua maziwa, maana siku za kwanza anaweza asiruhusiwe kunyonya na bado atayahitaji.