Maganda ya muhogo, lusina na ukakasi: maswali na majibu kuhusu afya ya mbuzi

Mbuzi wangu wawili hapa Muheza walikula maganda mabichi ya muhogo, wakaanza kuhema na kutetemeka, na mmoja akafa papo hapo. Je, kuna mtu aliyewawekea sumu?

Sumu imo ndani ya muhogo wenyewe. Majani na maganda, hasa ya muhogo mchungu, yana kemikali ambayo, mnyama anapotafuna, hukutana na kimeng'enya cha mmea huohuo na kutoa sianidi, nayo huzuia mwili kutumia oksijeni iliyomo katika damu. Ndiyo maana fizi huweza kuwa nyekundu za kung'aa ilhali mnyama anatweta. Wanyama wanaocheua huathirika upesi, kwa kuwa vijidudu vya tumbo lao la kwanza huharakisha kazi hiyo. Tiba ya sindano ipo, lakini muda ni mfupi mno, hivyo mpigie daktari wa mifugo mara uonapo dalili.

Basi maganda tuyatupe?

La, ni chakula kizuri. Yakatekate, uyaanike juani kwa siku mbili au tatu mpaka yavunjike yakikunjwa. Sianidi hugeuka mvuke kwenye nyuzi joto 26 hivi, na joto hilo Tanga hatulikosi. Hata hivyo, usimpe mnyama mwenye njaa kali. Aanze na nyasi.

Tumeshauriwa kupanda lusina, ule mti wa malisho. Mbona mbuzi wa jirani wananyonyoka manyoya?

Lusina ina protini nyingi, lakini ina pia sumu iitwayo mimosini, ambayo hunyonyoa manyoya na, ikishavunjwa tumboni, hutoa kemikali inayovimbisha tezi ya shingo. Isizidi theluthi moja ya chakula cha siku. Ajabu ni kwamba mbuzi wa Hawaii walikuwa wakiila bila madhara: mtafiti Raymond Jones wa Australia aligundua kuwa matumboni mwao mlikuwa na bakteria wanaoimaliza sumu hiyo, na miaka ya 1980 bakteria hao wakahamishiwa kwa mifugo ya Australia.

Kwa nini mbuzi huonja jani kidogo, akaliacha na kuhamia mti mwingine?

Aliyewahi kung'ata bibo anajua ule ukakasi unaokausha ulimi. Mwingi wa ukakasi huo ni kazi ya tanini, kemikali za mimea zilizomo pia katika migunga na mikoko, ambayo magome yake yalisafirishwa kwa majahazi kwenda kutengenezea ngozi. Tanini hushikana na protini: zikiwa kidogo, huikinga isivunjwe yote na vijidudu vya tumboni, hupunguza kuvimbiwa kwa gesi na huweza kudhoofisha minyoo; zikizidi, hamu ya kula hupungua na chakula hakisagiki vizuri. Mbuzi aliye huru hujipimia mwenyewe kwa kuchanganya majani. Aliyefungwa kamba chini ya mgunga mmoja kutwa nzima hana nafasi hiyo, kwa hiyo mhamishe mchana au umkatie majani ya aina nyingine.