Fildi ya chuo: yanayosemwa mabwenini na yanayotokea ofisini

Ikikaribia Julai, korido za mabweni ya vyuo vya Tanzania hujaa habari za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi za watu: nani kapata benki, nani kajibiwa kwamba nafasi zimejaa, nani ana mjomba anayefahamiana na mhasibu wa wapi. Ndani ya gumzo hilo kuna maneno yanayorithishwa, mwaka wa tatu akimwambia wa pili, na mengi si kweli. Nimechukua yale niliyoyaona yakiwapoteza watu, nikiwemo mimi.

"Fildi ni ya kuthibitisha kile ulichokuja kusomea"

Maneno haya yanadhani kila mtu aliingia chuo akiwa amechagua. Wengi wetu tulichaguliwa. Tahasusi ya kidato cha tano, yaani mchanganyiko wa masomo, ilitokana na matokeo ya kidato cha nne, kozi ya chuo ikatokana na ufaulu wa kidato cha sita, na wakati mwingine na kukisia kozi gani Bodi ya Mikopo itaipa kipaumbele. Kijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) aliyekosa udaktari yumo darasani kwa kozi aliyoijaza nafasi ya tatu huku kaka yake anamharakisha. Kwake yeye hakuna cha kuthibitisha. Ndiyo mara ya kwanza anaiona kazi yenyewe, na ana haki ya kuikataa.

Mimi nilisoma sosholojia nikijiona tayari nimo kwenye gari jeupe la shirika, beji shingoni. Nikapelekwa ustawi wa jamii, kwenye halmashauri ambayo sitaitaja. Kila asubuhi palikuwa na mashauri ya matunzo ya watoto: mama kwenye benchi, baba amegeukia dirishani, na afisa anajaribu kuwapatanisha kabla shauri halijafika mahakamani. Afisa yule, dada mmoja mpole, aliiweza kazi ile. Mimi nilirudi chumbani kila jioni kichwa kinagonga. Hata hivyo, kwenye kona ya ofisi palikuwa na rundo la madodoso ya kaya yaliyosubiri kuingizwa kwenye kompyuta. Nikapewa mimi, maana hakuna aliyeyataka.

Leo nafanya ufuatiliaji na tathmini ya miradi. Njia hiyo niliiona kwenye rundo lile. Lakini bila somo la takwimu la mwaka wa pili, ambalo nililichukia kwa moyo wote, nisingegundua kwamba kaya moja imeandikwa mara mbili wala kwamba swali la kipato limejibiwa kwa siku mahali pengine na kwa mwezi mahali pengine. Kwa hiyo anayesema darasani hakuna kitu, kazi yote unajifunzia ofisini, naye simwamini.

"Fildi ikikushinda, fani si yako"

Hapa ndipo watu wanapojiumiza zaidi. Ofisi mbaya na fani mbaya ni vitu viwili, na wiki nane hazitoshi kuvitenganisha usipokusudia. Mwalimu mwanafunzi akienda TP, yaani mazoezi ya kufundisha, kwenye shule yenye upungufu wa walimu anaweza kubebeshwa vipindi vya watu wawili. Akirudi anaapa kwamba ualimu basi. Pengine kilichomshinda ni mzigo. Au msimamizi alikuwa mkali. Au chumba alichopanga kilikuwa mbali na nauli ilikwisha wiki ya pili.

Kipimo ninachowapa wadogo zangu ni hiki: kazi gani ilikufanya usahau saa? Na ile iliyokuchosha, ungeichukia hivyo hivyo kama bosi angekuwa mwingine? Halafu mtafute mfanyakazi aliyekaa pale miaka mitano, si mkuu wa idara, umuulize Jumatatu yake inakwendaje. Wakubwa hukueleza muundo wa taasisi. Huyu atakueleza kazi.

"Ukijituma, watakubakiza"

Kwenye kampuni binafsi hutokea. Serikalini, kwa nafasi nyingi za kudumu, msimamizi wako hana kalamu ya kukuajiri hata akikupenda vipi. Ajira hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: tangazo, maombi kwenye Ajira Portal, mchujo wa kuandika, kisha usaili wa ana kwa ana, ukishindana na wenzako wa nchi nzima. Unachoweza kuondoka nacho ni mtu atakayekubali kuwa mdhamini wako kwenye wasifu, anayekufahamu kwa kazi na si kwa jina la ukoo. Si kidogo, ila si ajira.

"Fildi nzuri ni ya taasisi kubwa"

Inategemea utagusa kazi gani. Taasisi yenye jina ina vitengo vingi, na unaweza kukaa kitengo kimoja ukipanga risiti hadi siku ya kuaga. Halmashauri ndogo yenye watu wachache hukurusha huku na huku, ukajua mengi. Na kuchagua mkoa wa nyumbani kwa sababu ya chakula na malazi si uvivu. Fedha ya mafunzo kwa vitendo ya mkopo haimfikii kila mtu, na Dar es Salaam haimsubiri mtu.

Kuhusu masjala, ofisi ya kutunza majalada, mahali ambapo kila mwanafunzi hulalamika kutupwa: ndipo utakapoona jinsi dokezo linavyopanda kutoka kwa afisa hadi kwa mkurugenzi na kurudi na maneno mawili pembeni. Mtu anayetaka utawala au rasilimali watu hana darasa bora kuliko hilo. (Usipige picha majalada. Wapo waliojiponza hivyo.)

"GPA ndiyo kila kitu," au "GPA si kitu"

Wanaosema hivi kuhusu GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, huwa hawajasoma tangazo. Ukitaka kufundisha chuo kikuu, matangazo ya mkufunzi msaidizi kwa kawaida yanadai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5, na barua ya sifa ya fildi haitaijazia. Kazi nyingine nyingi hazitaji GPA kabisa. Amua kwanza unakwenda wapi.

"Baada ya fildi, uamuzi umekwisha"

Kwa fani nyingi ndiyo kwanza unaanza. Daktari humaliza miaka 5 ya shahada kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, na wengi huko ndiko wanakojua kama ni upasuaji au watoto. Mhandisi mhitimu ana mpango wa miaka 3 chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwenye shahada ya sheria anayetaka uwakili hupitia kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo.

"Daftari la fildi ni la kumridhisha msimamizi wa chuo"

Sote tumeona daftari lililojazwa usiku mmoja kwa kalamu tatu tofauti, ili lionekane liliandikwa kila siku. Nami nilijaza hivyo wiki mbili za mwanzo. Wiki ya tatu, kwenye nafasi ya "kazi zilizofanyika", niliandika jioni ile ile: madodoso 41. Chini yake, mahali pa "changamoto", niliandika kwamba ofisi imefungwa saa tisa na nusu na mimi nilikuwa sijamaliza.